Laptopu ya Kogo na Ahadi Iliyokwisha Muda

Tarehe 14 Oktoba 2025, katika mwezi ambao wakulima wa chai wa Kericho na Bomet hungojea bonasi na kuijadili hadi usiku, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hakuna laptopu iliyozimika siku hiyo. Skrini ziliwaka kama jana yake, na kibodi ziliandika kama kawaida. Kilichokoma ni masahihisho, yale yaliyokuwa yakitumwa kila mwezi kuziba mianya wanayopenya wezi wa mitandaoni. Wenye kompyuta mpya waliambiwa wahamie Windows 11. Wenye kuukuu waliruhusiwa kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza, na baada ya hapo kila mtu na lwake.

Sogeeni karibu basi, watoto, niwasimulie namna laptopu kuukuu inavyopata kazi tena kwa programu ambazo hazina bei wala siri. Ndani ya hadithi nitamweka msichana mmoja wa gredi ya 8 anayeishi na nyanya yake Silibwet, kaunti ya Bomet, jirani na hospitali ya Tenwek. Sitampa jina. Ukitaka, kaa wewe mahali pake.

Nyanya anamwita Kogo, kama watoto wa Kipsigis wanavyowaita nyanya zao. Kogo ana shamba dogo la chai, kama majirani zake, na majani yake huishia kiwandani pamoja na ya wakulima wengine wadogo wanaopeleka chai Tirgaga, Kapkoros na kwingineko katika kaunti. Laptopu ililetwa na mjomba. Aliinunua Nairobi, kwenye maduka ya mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile wauzaji wanazoziita ex-UK. Ni Lenovo ThinkPad T440, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, yenye kidude chekundu katikati ya kibodi. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2013. Mjomba aliitumia chuoni, akapata nyingine, akamwachia mama yake ili aangalizie picha za harusi. Siku hizi ukiiwasha unangoja hadi unasahau ulichotaka kufanya.

"Hii imekufa," Kogo akasema. "Tumpe fundi aiuze vipuri."

"Haijafa, Kogo. Inabebeshwa mzigo mkubwa tu."

Msichana alikuwa amesema kweli zaidi ya alivyojua. Prosesa ya laptopu ile inakokotoa leo kwa kasi ile ile iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Memori yake ya gigabaiti 4 haijapungua. Diski ya kuzunguka huchakaa, hilo nakubali, na betri huchoka, na vumbi huziba feni hadi joto linapanda. Lakini sehemu kubwa ya uzito ule inatokana na programu zilizoongezeka mwaka baada ya mwaka, zikiandikwa na watu wenye kompyuta mpya kwa ajili ya watu wenye kompyuta mpya. Windows 11 nayo haimsaidii Kogo. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa za Intel inazozikubali huanza, kwa sehemu kubwa, na kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. T440 ina kizazi cha nne. Hata ukiiongezea memori na kuiwekea diski mpya, bado haimo kwenye orodha.

Kwa hiyo kilichofikia mwisho katika nyumba ile ni ahadi. Aliyetoa programu aliahidi kuitunza hadi tarehe fulani, na tarehe ikafika. Sioni sababu ya kumtukana. Hakuna kampuni inayotunza kitu milele. Ila laptopu ni mali ya Kogo, ilinunuliwa kwa pesa halali, na bado inafanya kazi. Swali ni nani mwingine anaweza kuitunza, na kwa ruhusa ya nani.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachobadilishwa. Kila kompyuta ina programu kuu inayozitawala zingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Katikati ya mfumo huo kuna kiini. Mfikirie karani wa kituo cha kununulia chai wakati wa jioni. Wakulima wamepanga foleni na mizigo yao, mizani ni moja, lori ni moja. Karani anaita mmoja baada ya mwingine, anapima, anaandika kilo kwenye namba ya kila mtu, na hakubali mtu ashike mizani hadi giza liingie. Kiini hufanya hivyo hivyo kati ya programu: kila moja inataka prosesa, inataka memori, inataka diski, nacho kinaigawia kila moja sehemu ndogo ya sekunde kisha kinageukia nyingine, upesi kiasi kwamba wewe unaona zote zinakwenda pamoja. Pia hakiruhusu programu moja kupekua memori ya mwenzake. Karani akiwa mzembe au akijitwika kazi zisizo zake, foleni nzima husimama, hata kama mizani ni nzima.

Sasa nitawarudisha nyuma, hadi kwenye printa moja iliyokuwa ikikwama karatasi.

Ilikuwa karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani. Kampuni ya Xerox iliwapa watafiti wa hapo printa ya leza, kitu kigeni kabisa wakati huo. Ilichapa upesi, lakini ilikwama mara kwa mara, na watu walikuwa wakifanya kazi mbali nayo. Unatuma kurasa zako, unangoja, unatembea hadi kwenye printa, unakuta imekwama tangu ulipoiacha. Mtaalamu mmoja kijana, Richard Stallman, alijua dawa. Katika printa ya awali alikuwa amehariri programu ili karatasi zikikwama kila anayengoja apate ujumbe, na aliye karibu aende kuzitoa. Alitaka kuifanyia hii mpya vivyo hivyo. Akashindwa, kwa sababu programu ya printa ilikuja bila msimbo wake chanzo.

Msimbo chanzo ni ile mistari anayoiandika mtu, yenye maneno na alama anazoweza kuzisoma mtu mwingine. Kabla ya kutumika, mara nyingi hugeuzwa kuwa namba zinazoeleweka na mashine. Ukipewa namba peke yake, programu utaitumia lakini hutaweza kuisoma, na usipoweza kuisoma hutaweza kuirekebisha. Stallman alisikia kwamba mtu fulani katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon alikuwa nao msimbo huo. Akamwendea, akamwomba. Yule mtu akakataa, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi kuahidi kwamba hatampa yeyote.

Mtu anajua dawa ya tatizo, tatizo liko mbele yake, yuko tayari kulitibu bila malipo na kumfaidi kila aliye jengoni, naye anazuiwa. Kila nikikisimulia kisa hiki naona uchungu ule ule. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima utakaokuwa huru, akauita GNU. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL, na kwa maoni yangu leseni hiyo ndiyo uvumbuzi wenyewe kuliko programu yoyote aliyoandika. Inampa yeyote ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine, hata kuuza. Sharti ni hili: ukiigawa programu hiyo, pamoja na mabadiliko yako kama yapo, uwape unaowapelekea msimbo na ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Hakuna atakayeichukua, aifunge, kisha awakataze wengine.

GNU ilipata karibu kila kitu isipokuwa kiini. Kiini kilitoka kwa mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aitwaye Linus Torvalds. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia wapenzi wenzake wa kompyuta kuwaeleza kwamba anaunda mfumo wa kujifurahisha tu, ambao hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GPL, na watu wa nchi nyingi wakaanza kumtumia marekebisho. Kiini hicho ni Linux. Kimo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na ile ambayo Kogo anapokelea pesa za chai. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye kasi kubwa kuliko zote duniani, katika orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zinaendeshwa nacho.

Kiini peke yake hakimfai Kogo. Lazima kuwe na madirisha ya kubonyeza, kivinjari cha intaneti, programu ya kuandikia barua. Kuna makundi yanayokusanya vyote hivyo na kuvitoa vikiwa tayari. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ingali hai. Ubuntu ilitoka juu ya msingi wa Debian mwaka 2004, kwa fedha na juhudi za Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyekuwa amesafiri angani miaka miwili kabla yake. Hadi mwaka 2011 waliwatumia watu sidii za bure kwa posta, popote walipoomba. Mwaka 2006 Mfaransa Clement Lefebvre alianzisha Linux Mint juu ya msingi wa Ubuntu. Kila mmoja alijenga juu ya kazi ya aliyemtangulia bila kupiga magoti mbele ya mtu.

Ruhusa hiyo imetumika kwetu pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini ambazo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Msimbo ulikuwa wazi, wakauchukua na kuutafsiri. Karibu zaidi na Silibwet, kule Eldoret, hospitali ya Moi na washirika wake kutoka Chuo Kikuu cha Indiana walikuwa na wagonjwa wengi wa UKIMWI na kumbukumbu zilizowazidi. Kazi iliyoanza hapo mwaka 2004 ilizaa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyowashwa Eldoret mwaka 2006 na sasa inatumika katika nchi nyingi. Hakikuwa kitu kilichotoka mbali kikatufikia. Kilianzia huku huku Bonde la Ufa, kikaenda mbali.

Haya, turudi kwa msichana na laptopu.

Amechagua Linux Mint 22, ile yenye sura iitwayo Xfce. Ningemchagulia hiyo hiyo. Kuna zilizo nyepesi zaidi, Puppy na antiX, zinazofaa mashine zenye memori ya gigabaiti 1, lakini kwa gigabaiti 4 Mint inatosha, na mtu aliyezoea Windows hapotezi njia. Watengenezaji wanasema memori ya gigabaiti 2 ndiyo ya chini kabisa, na 4 ndiyo ya kustarehe.

Faili la kuipakua lina karibu gigabaiti 3. Kwa bando la simu ni hasara, kwa hiyo msichana alipanda matatu hadi saiba mjini Bomet, akiwa na flashi ya gigabaiti 16. Huko alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hulipuuza. Katika tovuti rasmi ya Mint, kando ya faili, kuna mstari wa herufi na tarakimu 64 zisizo na maana yoyote kwa macho. Mstari huo hukokotolewa kutokana na faili lenyewe. Faili likiharibika njiani hata kwa chembe moja, au mtu akilichezea, mstari mzima hubadilika. Alimwomba mwenye saiba akokotoe mstari wa faili walilopakua, kisha wakalinganisha, yeye akisoma herufi moja moja na mwenye saiba akifuatisha kwa kidole. Zikalingana hadi ya mwisho. Sasa ana hakika kwamba alichonacho ndicho kilichoandaliwa.

Kulinakili faili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi, maana laptopu inapowaka hutafuta maagizo mahali maalumu. Kuna programu za kuyapanga sawasawa. Rufus ni mojawapo na balenaEtcher ni nyingine. Kumbuka tu kwamba chochote kilichokuwa kwenye flashi hufutika.

Jioni ile hakugusa diski ya laptopu. Aliketi na Kogo wakapitia picha, moja baada ya nyingine, wakazinakili zote kwenye flashi ya pili: harusi ya mjomba, ubatizo, hati ya shamba iliyopigwa picha. Kisha wakazifungua kutoka kwenye flashi hiyo kuhakikisha zinaonekana. Hatua hii usiiruke kamwe. Mfumo endeshi utaupata tena kesho, lakini picha ya babu aliyefariki haipakuliwi popote.

Akangoja asubuhi. Huku kwenye nyanda za chai mvua hupenda kunyesha mchana, mara nyingine na mawe, na stima ikipotea katikati ya kazi na betri ni ya zamani, unabaki na diski iliyoandikwa nusu. Asubuhi, jua likiwa limetoka na chaja imechomekwa, alichomeka flashi, akaiwasha laptopu, na jina la Lenovo lilipojitokeza akabonyeza F12. Ingekuwa HP, kwa kawaida angebonyeza Esc kisha F9. Ikatokea orodha fupi: diski ya ndani, mtandao, flashi. Akashuka kwa mshale hadi kwenye flashi, akabonyeza Enter.

Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo Linux inapomheshimu mtumiaji. Mint ilifunguka yote, madirisha na kivinjari na kila kitu, moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Diski ya Kogo haikuguswa. Ukizima na kuchomoa, Windows iko pale pale. Una nafasi ya kujaribu kila kitu kabla ya kuamua, bila kuulizwa jina wala barua pepe. Msichana alijaribu sauti. Alijaribu kamera. Alipunguza na kuongeza mwanga. Alifunga kifuniko akaona kama italala, akakifungua akaona kama itaamka.

Kisha akajaribu kibodi, na hapo akagundua kitu. Laptopu hii ilitoka Uingereza. Juu ya namba 3 pamechapwa alama ya pauni, lakini alipoibonyeza pamoja na Shift ilitokea alama ya reli. Alipotaka alama ya @ ya barua pepe, iliyochapwa karibu na Enter, akapata alama za kunukuu; zile za kunukuu zilizochapwa juu ya namba 2 zikampa @. Wengi huishi na kero hii miaka, wakidhani kibodi imeharibika. Kumbe mfumo umeambiwa kibodi ni ya Marekani. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua kibodi ya Uingereza, na kila kitufe kikasema kilichochapwa juu yake.

Waifai ilishika mara moja. Isingeshika, kwa sababu kuna kadi chache za waifai zinazohitaji programu ya ziada kwanza, angeunganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuruhusu laptopu itumie intaneti ya simu kupitia waya huo. Linux huielewa njia hiyo bila maandalizi. Saa tu ndiyo iliyokuwa ya ajabu: laptopu ilidhani tuko miaka mingi iliyopita. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa hata ikiwa imezimwa, na ikifa, tarehe hurudi nyuma. Hilo si jambo dogo. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na laptopu inayodhani kwamba tarehe ya kuanza haijafika hukikataa cheti, basi kurasa hazifunguki na wewe unalaumu mtandao. Mint ikishaunganishwa kwa kawaida huulizia saa sahihi yenyewe na kujirekebisha. Isipofanya hivyo, unaweka tarehe kwa mkono. Dawa ya kudumu ni betri mpya ya ndani, na fundi yeyote wa laptopu anaweza kuibadilisha.

Sasa kuweka. Ukibonyeza alama ya kuanza, utaulizwa lugha, kibodi, na kama unataka Mint ikae kando ya Windows au ifute diski nzima. Zikae pamoja ikiwa kuna programu ya Windows usiyoweza kuiacha. Kwa laptopu ya Kogo nashauri kufuta, maana diski ni ndogo, picha zimeshahifadhiwa, na Windows yenyewe haitunzwi tena. Utachagua saa za Nairobi, utaandika jina lako na nywila. Nywila hiyo Kogo naye aijue, kwa sababu laptopu ni yake. Baada ya hapo unangoja nusu saa hivi, unachomoa flashi ukiambiwa, na mashine inajiwasha upya.

"Mbona imefunguka upesi hivi?" Kogo akauliza. "Umeiongezea nini?"

"Nimepunguza, Kogo. Sikuongeza."

Alitaka kumwonyesha. Akafungua dirisha la amri, akaandika `free -h`, akabonyeza Enter. Ikatoka mistari michache ya namba: memori yote ni chini kidogo ya gigabaiti 4, na iliyotumika ni karibu gigabaiti moja. Akafungua Firefox na kurasa kadhaa, pamoja na video moja, akaiandika amri ile tena. Namba ya iliyotumika ikawa imepanda sana. Jaribio hili dogo lifanyeni nanyi, kwa sababu linaeleza kwa nini laptopu ya zamani bado italemewa ukifungua kurasa ishirini kwa pamoja. Mfumo ni mwepesi, tovuti za leo si nyepesi. Funga unazoziacha, na mashine itakuvumilia.

Kazi ya kwanza aliyompa Kogo ilikuwa ya chai. LibreOffice huja ndani ya Mint bila malipo. Alifungua jedwali, safu ya kwanza tarehe, ya pili kilo, na kila jioni Kogo alipotoka kituoni alimsomea kilo za siku kutoka kwenye risiti. Chini kabisa aliandika `=SUM(B2:B32)`, na jumla ya mwezi ikawa inajihesabu. Kogo alichuma majani mawili na chipukizi maisha yake yote bila kuona mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja. Alinyamaza, akanyoosha kidole kwenye wiki moja yenye namba ndogo.

"Hii ni ile wiki ya mvua ya mawe."

Ya pili ilikuwa Kiwix, programu huria inayokuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya laptopu na kuisoma bila intaneti. Unapakua mara moja tu, saiba tena, na bando linabaki mfukoni. Kwa mtoto wa Silibwet mwenye kazi ya shule usiku, sijaona kitu chenye faida zaidi.

Yako pia mambo ambayo laptopu hii haitafanya, na ni bora myajue mapema. Michezo mingi iliyotengenezwa kwa Windows itakataa, au itahitaji hila. Waraka wa mwalimu ulioandikwa kwa Microsoft Word utafunguka, lakini pengine jedwali litasogea au aina ya herufi itabadilika, kwa hiyo ukituma kazi ya kuchapwa igeuze kwanza iwe PDF. Printa nyingine hukubali mara moja na nyingine husumbua. Na usimwamini anayekuambia kwamba Linux haina haja ya masahihisho. Ina haja nayo sana. Mint ikikuonyesha alama ya masahihisho mapya, yaweke. Ndiyo yale yale ambayo Windows 10 iliyakosa.

Kogo akipata fedha kidogo kutoka kwenye bonasi, ningemshauri anunue diski ya SSD, isiyozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. T440 inapokea ile ya inchi 2.5 ya kawaida, na tofauti yake utaiona tangu sekunde ya kwanza ya kuwasha. Baada ya hapo memori. Baada ya hapo fundi aifungue feni na kupuliza vumbi.

Mint 22 itaendelea kupokea masahihisho hadi mwaka 2029. Msichana atakuwa gredi ya 12. Mwaka huo atahitaji toleo jipya, nalo halitakuwa na bei, na kama Mint wenyewe watakuwa wamefunga duka, msimbo wao utabaki mikononi mwa yeyote atakayetaka kuuendeleza, hata kama yuko Bomet. Flashi yenyewe haipo nyumbani kwa sasa. Kuna jirani ana HP ya mwaka 2012 iliyokaa juu ya kabati, na msichana ameshamwambia abonyeze Esc kisha F9, na anakili picha kwanza.